Kukaa salama katika nyumba ya kupanga mashambani ugenini: mwongozo kwa mwanamke anayekwenda Toscana, Italia

Mwanamke anayesafiri peke yake hupewa nasaha nyingi kuhusu mtu mbaya atakayemvizia, na nasaha hizo hazistahili kupuuzwa. Hata hivyo, katika nyumba za mawe za mashambani huko Toscana, ambazo zamani zilikuwa za wakulima na leo hupangishwa wageni kwa wiki, hatari ya kwanza ni umbali: umbali wa jirani, wa barabara ya lami, wa hospitali na wa mahali ambapo simu inashika mtandao. Shida ambayo mjini Florence ingemalizwa na mpita njia, huko vilimani inaweza kukuchukulia usiku mzima. Hatua zinazofuata zimepangwa kwa kuzingatia swali moja, nalo ni kwamba likitokea jambo, msaada utakufikia kwa njia gani na baada ya muda gani.

Hatua ya kwanza: kuichagua nyumba

Amua kwanza aina ya makazi. Italia ina sheria ya mwaka 2006 inayosimamia agriturismo, yaani shamba linalofanya kazi zake za kawaida na wakati huohuo kupokea wageni. Mara nyingi mwenye shamba au jamaa yake huishi hapohapo, wafanyakazi huingia na kutoka, na jioni huwa kuna watu mezani. Aina ya pili ni nyumba nzima iliyojitenga, ambayo mwenyewe huenda anaishi Milan na ufunguo unatolewa na mtu aliyeajiriwa. Kwa mwanamke anayekwenda peke yake kwa mara ya kwanza, ningeshauri agriturismo bila kusitasita, hata kama picha za ile nyumba iliyojitenga zinavutia zaidi.

Kisha tafuta namba ya utambulisho iitwayo CIN. Tangu tarehe 1 Januari 2025 kila nyumba inayopangishwa watalii nchini Italia inatakiwa kuwa na namba hiyo, ambayo huanza na herufi IT, na namba hiyo huonyeshwa kwenye tangazo na nje ya jengo. Tangazo lisilo na CIN liache, maana mwenye nyumba aliyekwepa usajili huenda amekwepa na masharti ya usalama yanayoambatana nao, ambayo tutayaona tukifika jikoni.

Fungua ramani ya picha za setilaiti na uifuate barabara kuanzia mji wa karibu hadi mlangoni. Katika maeneo haya sehemu ya mwisho ya safari mara nyingi ni barabara ya changarawe nyeupe, ambayo mvua ikinyesha huwa na mashimo na utelezi, na gari la wagonjwa nalo litapita hapohapo. Hesabu majirani walio umbali wa kutembea kwa miguu, na utafute kituo cha Carabinieri, ambao ndio askari utakaowakuta katika miji midogo. Katika maoni ya wageni waliotangulia, yasome kwanza ya wanawake na ya waliokaa wakati wa baridi, kwa sababu mgeni wa Julai hawezi kukueleza jinsi nyumba inavyopashwa joto.

Malipo yafanyike ndani ya mfumo uliotumia kuweka nafasi. Mtu akikuomba uhamishe fedha benki moja kwa moja ili akupunguzie bei, achana na nyumba hiyo. Lakini usishtuke ukiombwa fedha taslimu kidogo siku ya kufika kwa ajili ya kodi ya utalii ya manispaa, kwa kuwa hilo ni jambo la kawaida. Lipa na uombe risiti. Kama unaomba viza ya Schengen, chagua nafasi inayoweza kufutwa bila hasara mpaka viza itoke, na ukumbuke kwamba bima ya safari inayotakiwa ni ya angalau euro 30,000 kwa gharama za matibabu na kurudishwa nyumbani.

Hatua ya pili: maswali kwa mwenye nyumba

Mwandikie kabla ya kulipa. Muulize ni nani wengine wenye ufunguo, na kama mtunza bustani au msafisha bwawa huja, siku gani na saa ngapi. Muulize yeye mwenyewe analala wapi usiku, simu za mtandao gani zinashika ndani ya nyumba, na joto linatokana na nini: kuni, gesi au umeme. Kuta za mawe zenye unene wa nusu mita huua mawimbi ya simu, hivyo jibu la kwamba mtandao upo halitoshi. Muulize kama unashika chumbani.

Uliza pia kuhusu kamera. Airbnb ilipiga marufuku kamera zote za ndani ya nyumba kuanzia tarehe 30 Aprili 2024, hata zilizozimwa, na zile za nje ni lazima zitajwe kwenye tangazo. Katika mifumo mingine soma masharti yake. Mwenye nyumba mwema hujibu maswali haya kwa sentensi kamili. Anayekujibu kwa utani, au anayetaka kujua kwa nini unasafiri bila mume, amekusaidia kufanya uamuzi.

Wako wanaoshauri mwanamke adanganye kwamba anakuja na mwenzake. Kwa Italia ushauri huo unaleta matatizo, kwa sababu sheria inamtaka mwenye nyumba kupeleka polisi majina ya kila mgeni ndani ya saa 24 tangu afike, na kwa hiyo atahitaji kuiona pasipoti ya kila mtu atakayelala hapo. Mwonyeshe pasipoti yako, aandike anayohitaji, kisha akurudishie papo hapo. Hana haki ya kubaki nayo, wala huna sababu ya kumtumia picha yake kwa njia za kawaida za ujumbe wakati mtakutana mlangoni. Wapita njia na watu wa baa, ambao hawana orodha ya polisi, waambie unachotaka.

Hatua ya tatu: mtu wa nyumbani na namba za kumpa

Chagua mtu mmoja, dada au rafiki asiyekuwa na papara, mpe anwani, jina na simu ya mwenye nyumba, na mkubaliane saa moja ya kila siku ya kutumiana ujumbe. Italia iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa mbili wakati wa baridi na saa moja wakati wa kiangazi. Andikeni saa hiyo kwa tarakimu za saa 24, kama vile 20:00, na mtaje ni ya Italia au ya nyumbani, kwa sababu mama akisikia "saa mbili" na mtoto anayeishi Ulaya akasikia "saa nane", mtu ataamshwa usiku bila sababu.

Jambo linalosahaulika ni kwamba mtu aliye Nairobi hawezi kupiga 112 ikapokelewa Italia. Kwa hiyo tafuta namba ya simu ya mezani ya kituo cha Carabinieri cha mji ulio karibu na nyumba, na umwandikie ikiwa imetanguliwa na +39. Namba za mezani za Italia huanza na sifuri na sifuri hiyo haiondolewi hata ukipiga kutoka nje ya nchi. Ukiiondoa kama tulivyozoea kwa namba za kwetu, simu haiendi. Mkubaliane pia mpangilio: ukikawia, akupigie wewe, baada ya saa moja ampigie mwenye nyumba, kisha kituo.

Kwenye simu yako weka programu ya huduma ya dharura ya Italia iitwayo 112 Where ARE U, ambayo hutuma mahali ulipo pamoja na simu unayopiga, na ina njia ya kuomba msaada kimya kimya kwa asiyeweza kuzungumza. Ina faida kubwa mashambani, ambako anwani mara nyingi ni jina la shamba na la kitongoji tu, bila mtaa, na pengine majina hayo yanafanana na ya shamba la bonde la pili. Andika namba za ramani zinazoonyesha mahali nyumba ilipo (latitudo na longitudo) kwenye karatasi na uibandike karibu na mlango, kwani siku ya hofu hata mtu mwenye akili timamu husahau jina la mahali alipolala.

Hatua ya nne: kufika mchana

Panga ndege, treni na gari ili ufike nyumbani jua likiwa bado lipo. Mwezi Desemba jua la Toscana huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, na mwezi Juni hukaribia saa tatu usiku, hivyo safari ileile iliyo salama wakati mmoja huwa ya giza wakati mwingine. Njiani nunua chakula cha siku mbili, maji ya kunywa na tochi, kwa kuwa maduka ya miji midogo hufungwa mchana kwa saa kadhaa na mengi hayafunguliwi Jumapili. Mabasi ya vijijini siku ya Jumapili ni machache au hayapo kabisa. Kama utaendesha gari kwa leseni ya Kenya au Tanzania, beba pia kibali cha kimataifa cha udereva, ambacho hutolewa nchini kwako kabla ya safari.

Hatua ya tano: saa ya kwanza ndani ya nyumba

Usifungue sanduku. Mwombe anayekukabidhi ufunguo azunguke nawe nyumba nzima, na uanze jikoni.

Nyumba inayopangishwa watalii inatakiwa kuwa na kifaa cha kugundua gesi ya kupikia, kingine cha kugundua kaboni monoksidi, na kizima moto, angalau kimoja kwa kila ghorofa. Mwombe akuonyeshe kila kimoja na abonyeze kitufe cha majaribio ukisikia. Mwanamke aliyelelewa kwetu anajua kwamba hakuna anayelala na jiko la mkaa chumbani. Kaboni monoksidi inayotoka kwenye jiko la kuni au kwenye mtambo wa kuchemshia maji ni sumu ileile, isiyo na harufu wala rangi, na dalili zake za kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi mzito hufanana na uchovu wa safari. Ukizihisi, toka nje kwanza, piga simu ukiwa nje, na usirudi kuchukua kitu.

Sasa tazama ukuta wa jikoni. Karibu na sakafu au juu karibu na dari utaona tundu lenye ukubwa wa kiganja au zaidi, lililofunikwa kwa kichungi cha plastiki au chuma, na hewa baridi inaingia hapo. Tundu hilo limewekwa makusudi ili jiko la gesi lipate hewa na gesi ikivuja itoke. Wakati wa baridi, mtu aliyezoea joto la pwani hujisikia amefanya jambo la maana akiliziba kwa taulo, na kwa kufanya hivyo ameifunga njia pekee ya hewa ya chumba hicho. Vaa sweta la pili, tundu uliache. Uliza pia valvu kuu ya gesi iko wapi, na uifunge mwenyewe mara moja mbele yake ili mkono uzoee.

Kisha mlango wa mbele. Milango mingi ya Italia haina kitasa cha kuzungusha kwa nje, na ukiuvuta hujifunga. Ukitoka na nguo ya kulalia kumtazama paka, ufunguo ukabaki ndani, umefungiwa nje, na mahali penyewe pako mbali na kila mtu. Zoea kutoka na ufunguo mkononi. Usiku, funga kwa kuzungusha ufunguo mizunguko yote, kwani mlango uliovutwa tu unashikiliwa na ulimi mdogo wa kufuli. Kabari ya mpira ya kuzuia mlango, inayouzwa kwa bei ndogo dukani, huongeza utulivu katika mlango wa chumba cha kulala unaofunguka kuelekea ndani. Hesabu milango yote ya kutokea, pamoja na ule wa ghalani ambao huwa umesahauliwa, na uhakikishe unajua kuufungua gizani kama moto utazuka.

Mwisho uliza mita ya umeme iko wapi. Mkataba wa kawaida wa umeme wa nyumba nchini Italia ni wa kilowati 3. Ukiwasha oveni na birika la umeme kwa pamoja, nyumba nzima huzimika ghafla, na katika nyumba ya pekee usiku wa kwanza jambo hilo humtisha mtu kuliko anavyotarajia. Swichi ya kurudisha umeme iko kwenye mita, na mita yenyewe mara nyingi iko nje, pengine kwenye lango lililo mbali na nyumba. Ijaribu mchana. Ndiyo sababu tochi ilitajwa mapema.

Hatua ya sita: usiku

Funga vifuniko vya mbao vya madirisha ya chini kabla hujawasha taa, kwa sababu gizani mtu aliye nje humwona vizuri aliye ndani ilhali wa ndani hamwoni. Acha taa moja ya nje ikiwaka. Simu iwe na chaji na ilale karibu nawe pamoja na ufunguo wa gari.

Halafu zitambue sauti. Paa mdogo wa huko, capriolo, hubweka usiku kwa sauti nzito ya kukwaruza inayofanana sana na mtu anayefoka. Nguruwe mwitu huchimba bustani wakikoroma. Panya-miti hukimbia darini kama mtu anayetembea kwa viatu. Hata nungunungu yupo, tena ni wa jamii ileile iliyoko Afrika, na miiba yake huichakarisha akipita kwenye majani makavu. Sauti ya mnyama huhamahama na haijali mwanga. Ukiwasha taa ya nje na sauti ikaendelea vilevile, yaelekea ni mnyama. Sauti ya injini ya gari inayozimwa karibu na nyumba, au ya kitasa kinachojaribiwa, ni jambo tofauti, na hapo usitoke kuchungulia: jifungie chumbani, piga 112, kisha mpigie mwenye nyumba.

Hatua ya saba: matembezi na watu wa kijiji

Kuanzia Jumapili ya tatu ya Septemba hadi tarehe 31 Januari ni msimu wa uwindaji. Kwa sheria ya Italia mwindaji anaweza kuingia katika shamba la mtu lisilozungushiwa uzio, hivyo ukiona watu wenye bunduki na mbwa asubuhi chini ya bustani yako, haimaanishi kwamba wamekuja kwako. Hawaruhusiwi kuwinda ndani ya mita 100 kutoka kwenye nyumba. Jumanne na Ijumaa uwindaji wa msimu husimama nchini kote, na hizo ndizo siku nzuri za kutembea msituni. Siku nyingine vaa kizibao cha rangi ya chungwa inayong'aa, kaa kwenye njia kuu, na ukikuta bango la msako wa nguruwe mwitu, geuka urudi.

Ukikutana na kundi la kondoo lenye mbwa wakubwa weupe, usipite katikati wala usikimbie. Simama, zunguka kwa mbali polepole, na usinyooshe mkono kuwapapasa, kwani wamefundishwa kulinda mifugo na mgeni kwao ni mgeni. Jioni kagua miguu na kiuno kama kuna kupe.

Kuhusu watu, ni kweli kwamba mwanamke mweusi katika mji wa watu mia chache atatazamwa, na wazee walioko barazani hawatajificha wakikutazama. Salamu hufanya kazi kubwa kama ilivyo kwetu. Anza wewe kwa kusema buongiorno unapoingia dukani au baa, na kunywa kahawa yako mahali pamoja kila asubuhi, hadi mwenye baa atakapokufahamu na kuona ukikosekana. Hilo ni ulinzi halisi usio na gharama. Hata hivyo usimtajie kila anayeuliza jina la shamba unapolala. Kutaja mji inatosha. Carabinieri wakikusimamisha barabarani kukagua hati, jambo linaloweza kuwapata wageni weusi mara nyingi kuliko wengine, toa pasipoti au kibali cha ukaazi kwa utulivu, na kwa hiyo usiviache nyumbani.

Hatua ya nane: likitokea jambo

Piga 112 kwa polisi, ambulensi na zimamoto. Ikiwa mtandao wako haushiki mahali hapo, simu hiyo inaweza kupitia mtandao wa kampuni nyingine yoyote inayoshika. Sema kwanza mahali ulipo, kisha kilichotokea, na uombe mhudumu wa Kiingereza au Kifaransa kama Kiitaliano hukijui. Namba 1522 ni ya bure, inafanya kazi usiku na mchana kwa wanawake wanaofanyiwa ukatili au kufuatwafuatwa, na hupokelewa kwa lugha kadhaa zikiwamo Kiingereza, Kifaransa na Kiarabu.

Mwanamke aliyeshambuliwa aende katika kitengo cha dharura cha hospitali kabla ya kuoga au kubadilisha nguo, kama anaweza. Hospitali za Toscana zina utaratibu uitwao Codice Rosa, ulioanzia Grosseto, ambapo mgonjwa wa aina hiyo hupelekwa chumba cha faragha na kuhudumiwa na watu waliofunzwa, na hahitaji kueleza habari zake mbele ya foleni. Tanzania na Kenya zina balozi mjini Roma. Ubalozi hauchukui nafasi ya polisi, lakini unasaidia pasipoti inapopotea na kuwasiliana na familia.

Kama shida ni ya nyumba yenyewe, kwa mfano mlango usiofungika au mtu anayeingia bila taarifa, piga picha, andika malalamiko ndani ya mfumo wa nafasi siku hiyohiyo, na uhamie hoteli ya mjini kabla ya giza huku mazungumzo ya fedha yakiendelea. Usilale usiku mmoja zaidi kwa sababu umeshalipa.

Siku ya kuondoka, rekodi video fupi ya kila chumba, funga valvu ya gesi, kabidhi ufunguo kwa mtu na si chini ya chungu cha maua isipokuwa umeelekezwa hivyo kwa maandishi. Picha za nyumba na mandhari yake zitume mitandaoni ukiwa tayari kwenye treni, na maoni utakayoandika yataje mtandao wa simu ulioshika chumbani, hali ya barabara, na nani hasa alikuwa na ufunguo.